Usifagie Uwanja Wote: Bustani ya Nyumbani Yenye Ndege, Vipepeo na Majimoto

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, uwanja wenye michirizi ya ufagio asubuhi ndio kipimo cha nyumba ya watu nadhifu. Sina ugomvi na ufagio. Fagia mita tatu au nne kuzunguka nyumba, fagia njia na mahali wanapochezea watoto. Pembe ya nyuma tu, chini ya mwembe au mkungu, acha majani yalale yalipoangukia.

Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Maji yanapita, rutuba inapita nayo, na jua linamalizia kilichobaki. Majani makavu yakikaa yanakuwa matandazo: unyevu unadumu, minyoo inapanda juu, vyura wanapata pa kujificha mchana na ndege wanapata pa kuchakura. Anayekusanya majani kila Jumamosi na kuyachoma kisha Jumatatu akanunua gunia la samadi analipia alichokiteketeza mwenyewe. Safu ya sentimita tano hadi kumi inatosha. Isiguse shina la mti, maana shina litaoza, na iwe umbali wa nusu mita au zaidi kutoka ukutani kwa sababu ya mchwa.

Acha pia kipande cha udongo mtupu kinachopigwa na jua, kisicho na pevingi wala zege. Nyuki wengi wa porini hawana mzinga. Kila jike huchimba kishimo chake ardhini na kulea wanawe humo. Uwanja uliosakafiwa kutoka geti hadi ukuta wa nyuma hauna nafasi yao, na mvua za masika zikija maji yote yanahamia kwa jirani.

Kwenye kupanda, fikiria nani anakula nini. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anataka maua marefu yenye nekta: mshubiri, haibiskasi, mlonge. Kivumbasi na mrihani ukiviacha vichanue vinajaa nyuki kuanzia asubuhi. Mchicha uliozeeka usiung'oe wote. Bakiza mashina machache yenye mbegu uone chiriku watakavyoyafuata. Asumini na langilangi hutoa harufu usiku, na nondo wakubwa huvutwa na maua ya namna hiyo. Nondo hao si wa kupuuza kwa mwenye mipapai. Uchunguzi uliofanyika Kenya ulionyesha kwamba wao ndio wachavushaji wakuu wa mpapai: jioni giza likiingia wanatoka mti dume kwenda mti jike. Taa za ulinzi zinazowaka usiku kucha zikiangaza juu zinawapoteza njia, kwa hiyo elekeza taa chini, au weka zile zinazowaka mtu anapopita tu.

Pasheni nayo ina mchavushaji wake, yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu. Watu humfukuza wakihofia boriti za paa. Mtundikie gogo kavu la mti laini kwenye uzio, mbali na nyumba, na atakuwa na pa kukaa.

Maboga ndiyo yanayoonyesha haraka kama bustani ina nyuki au haina. Chungulia asubuhi mapema. Ua la kike lina kiboga kidogo nyuma yake. La kiume lina kikonyo kitupu. Yote mawili hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na katika saa hizo chache nyuki lazima apite. Asipopita, kiboga kinageuka njano na kudondoka, na mwenye bustani anakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Chuma ua la kiume, ondoa petali zake, pakaza chavua katikati ya ua la kike. Siku mbili tatu za kazi hiyo zitaokoa mavuno, lakini tafuta pia sababu ya nyuki kutokuja. Mara nyingi ni dawa iliyopulizwa asubuhi.

Nitakaa kidogo kwa majimoto, wale sisimizi wa mitini wanaoshona majani, kwa kuwa ndio wanaoonewa kuliko wote. Mtu akiona kwenye mwembe majani yaliyoshonwa pamoja kuwa kifuko, kinachofuata ni moto au sumu. Sogea bila kugusa tawi utazame wanavyofanya. Safu ya wafanyakazi inang'ata kingo za majani mawili na kuzivuta hadi zikutane. Wengine wanaleta mabuu yao mdomoni, wanayapitisha huku na huku kwenye ufa, na buu linatoa uzi wa hariri unaoshikiza kingo. Nyumba ikikamilika, mti mzima unakuwa na askari.

Faida yake kwa minazi inajulikana tangu zamani. Utafiti wa Unguja uliochapishwa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba minazi yenye majimoto wengi hushambuliwa kidogo na yule mdudu anayefyonza nazi changa, ambaye akizidi vidaka vinapukutika kabla ya kuwa vitale. Kwenye korosho pia wamethibitika kuwapunguza mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi yake. Kwa hiyo kama una minazi miwili mitatu na mwembe, na majimoto wapo mti mmoja, funga kamba kutoka mti huo hadi mwingine ili wavuke. Wakishuka chini hukutana na adui yao, wale sisimizi wadogo wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi, na hapo wanaweza kufukuzwa kabisa. Ila nisifiche upande wa pili: wanauma kwelikweli, na huwalinda vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, ili wanywe utomvu wao mtamu. Kata matawi yanayogusa paa, tumia upondo kuangua maembe, na anayelazimika kupanda ajipake majivu mikononi na miguuni.

Kuhusu dawa, msimamo wangu ni kwamba bustani ya nyumbani haihitaji chupa ya sumu kali. Kwenye mboga tumia mwarobaini: gramu 50 za kokwa kavu zilizotwangwa kwa kila lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni nyuki wakishalala. Tumia siku hiyo hiyo, maana jua linaiua nguvu. Lakini mwarobaini mmoja mtaani unatosha. Asili yake ni bara Hindi, ndege na popo husambaza mbegu zake, na kwenye misitu ya pwani umeanza kuisonga miti ya kienyeji. Hali kadhalika lantana. Vipepeo wanaipenda, sikatai, ila ikitoroka uani inafunga pori na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi.

Sumu ya panya nayo ifikirie mara mbili. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea amelegea, na bundi humkamata kirahisi, akala sumu ile ile. Najua bundi akilia juu ya paa watu huanza kuulizana nani mgonjwa. Familia moja ya bundi wenye makinda humaliza panya ambao mitego yako haiwezi kuwafikia. Funika mapipa ya nafaka, weka mitego ya kubana ndani ya nyumba, mwachie bundi kazi ya nje.

Halafu kuna kiwavi wa ndimu. Utamwona juu ya jani changa akiwa mdogo, rangi ya kahawia na bato jeupe, mpaka utadhani ni kinyesi cha ndege. Hivyo ndivyo anavyojificha. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Huyo atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mche mchanga anaweza kuumaliza majani, kwa hiyo mwokote umhamishie kwenye mlimau mkubwa. Mti uliokomaa hautajali.

Maji ni lazima, hasa kiangazi. Karai lenye kina kifupi, ndani yake mawe machache ili nyuki wasizame, linatosha. Hapa sitaki mzaha: Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Mayai yake hunata kwenye kingo za chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa, basi kumwaga peke yake hakutoshi. Badilisha maji kila siku mbili na usugue karai kwa brashi. Matairi, makopo na vifuu vya nazi vitoke uani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Bwana shamba, na nyoka je?" Nyoka hufuata panya na pa kujificha. Lundo la matofali, mabati ya zamani au kuni ukutani ni hatari kuliko majani ya pembeni. Ndiyo maana nikasema sehemu ya karibu na nyumba ifagiwe. Kuni zipangwe juu ya kichanja, mbali na mlango, na usiku mtu asitembee uani bila tochi.

Kunguru nao. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka hadi bara, na sasa hula mayai na makinda ya ndege wadogo kila mahali pwani. Ukitupa mabaki ya chakula wazi, chozi hatalea kifaranga kwako. Mabaki ya jikoni yaende kwenye shimo la mboji na yafunikwe kwa udongo siku hiyo hiyo. Nyama na samaki visiingie kabisa. Panda pia kichaka kimoja kizito chenye miiba, ndege wadogo wajenge mahali ambapo kunguru hapenyi.

Penye misimu miwili ya mvua, miti na vichaka vipandwe masika yanapoanza, mwezi Machi, vipate mvua ndefu ya kushika mizizi. Vuli ni ya mboga na maua ya muda mfupi. Ukipanda mti wakati wa vuli, jiandae kuumwagilia Januari na Februari yote, ndoo moja kila baada ya siku mbili, jioni.