Kabla Hujapanda Miwa Masika Hii, Geuza Jani

Huku tambarare za Moshi, Mabogini hadi Kahe, mkulima wa miwa huwaza kwanza zamu ya maji ya mfereji. Naomba safari hii uanze na jani. Sukari hutengenezwa humo. Jani likikauka kabla ya wakati, shina hupata machipukizi machache na miwa hubaki myembamba.

Ninayoihofia zaidi ni kutu ya kahawia, ukungu unaopenda ubaridi na umande. Hesabu mwenyewe: miwa iliyopandwa Machi hufikisha miezi 3 mwezi Juni, mawingu yametanda na majani hayakauki hadi saa nne asubuhi. Kutu hii huumiza zaidi miwa ya miezi 2 hadi 6.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mbegu, yaani pingili za kupanda, ingia shambani kwa muuzaji asubuhi. Geuza jani. Ukiona vidonda vyembamba vilivyolala kufuata mishipa, pitisha kidole juu yake. Kidole kikitoka na unga wa rangi ya kutu, aina hiyo iache hata kama bei ni nzuri. Si kwamba ugonjwa umo ndani ya pingili, maana kutu husafiri kwa upepo. Ni kwamba umeona kwa macho yako aina hiyo haihimili. Madoa ya mviringo kwenye majani makuukuu ya chini yasikutishe sana.

Aina ndiyo kinga yenyewe. Dawa ya ukungu ni gharama, na muwa ukishakupita kimo utaupigaje? Tena usijaze shamba zima aina moja. Mwaka 2000 huko Australia, kutu ya rangi ya chungwa iliivamia aina ya Q124, iliyokuwa imechukua karibu nusu ya miwa ya nchi hiyo, na wakulima wakalazimika kuiacha.

Yurea nayo iwe kwa kipimo. Ikizidi, jani huwa laini na madoa yenye umbo la jicho hupata nafasi.

Panga kabisa siku moja ya wiki ya kukagua, kuanzia mwezi wa pili baada ya kupanda. Ukikuta jani la mashaka, lifunge kwenye gazeti kavu umpelekee bwana shamba wa kata. Usilitie kwenye mfuko wa plastiki, litaoza njiani na hataweza kutambua chochote.