Bastola ya akiba kifuani unapowinda dubu Alaska: hatua kwa hatua

Dubu kahawia huuawa kwa bunduki yenye mdomo wa inchi .338 au .375. Bastola ni ya zile dakika ambazo bunduki haiko mkononi: umepiga magoti unachuna, umebeba paja la nyama begani, umelala hemani, au umeangushwa na bunduki imetupwa vichakani. Kwa hiyo pima kila kitu hapa chini kwa swali moja: nikiwa chali, na mkono mmoja tu unaofanya kazi, naweza kuichomoa? Kama huwezi, umebeba zaidi ya kilo moja ya chuma bure.

Haya yote ni ya Alaska. Nyumbani hayana kazi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania mgeni wa uwindaji wa kitalii haruhusiwi kuingia na bastola.

1. Karatasi kwanza

Mwenye green card anaruhusiwa kumiliki silaha kama raia. Mwenye visa ya muda haruhusiwi, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine wa kisheria, kwa hiyo kata leseni kabla hujagusa silaha ya mtu. Asiye mkazi wa Alaska hawindi dubu kahawia bila mwongozaji mwenye leseni au ndugu wa karibu ambaye ni mkazi; mgeni asiye raia wala mkazi wa Marekani lazima awe na mwongozaji.

Usiendeshe gari kupitia Kanada na bastola. Panda ndege: bastola tupu, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, itangazwe kaunta, iingie kwenye mizigo ya chini. Dawa ya kupulizia dubu haipandi ndege ya abiria kabisa, inunue ukifika.

2. Bastola yenyewe

Revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum, chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4. Smith & Wesson 629 au Ruger Redhawk, yoyote kati ya hizo.

Wengi siku hizi wanabeba Glock 20 ya 10mm, na hoja zao zina uzito: ni nyepesi, inabeba risasi 15, teke lake ni dogo. Lakini ukiisukuma kwenye mwili wa mnyama aliyekulalia, sehemu ya juu hurudi nyuma kidogo na haifyatui. Revolva hufyatua hata ikiwa imegandamizwa kwenye manyoya. Kwangu hilo linamaliza mjadala. Revolva za titani za kupunguza uzito usizitazame, zinaumiza mkono hadi mtu anaacha kufanya mazoezi. Na ile kubwa zaidi ya .500 ni ya kupigia picha.

3. Risasi, na kipimo ambacho wengi wanakiruka

Chagua vichwa vya risasi vigumu vya kumiminwa kwenye kalibu (hard cast), pua bapa, karibu greni 300 (gramu 19). Zile zenye tundu puani zimetengenezwa zipanuke kwenye mwili laini. Kwenye fuvu au bega la dubu hufunguka mapema na kuishia njiani. Soma boksi: baadhi ya risasi nzito zimeandikwa ni za Ruger na bastola nyingine nzito tu. Usizitie kwenye 629.

Kisha pima hivi. Jaza silinda risasi sita. Moja iwekee alama ya kalamu na upime urefu wake kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita. Fyatua tano nyingine, toa ile yenye alama, pima tena. Teke la .44 huvuta ganda nyuma huku kichwa kikibaki mahali pake, na kama mdomo wa ganda haukubana vizuri, kichwa hujongea mbele. Kikichungulia nje ya silinda, silinda haizunguki tena, na jambo hilo huzuka kwenye risasi ya nne au ya tano, siyo ya kwanza. Urefu ukiongezeka nusu milimita, badilisha aina ya risasi. Risasi uliyoipima usiibebe porini.

4. Holsta, mfuko wa bastola

Hapa ndipo watu wanapotumia pesa mara tatu. Anza kwa kusahau kiunoni: mkanda wa begi la mgongoni utaifunika, na kwenye ndege ndogo huwezi kukaa nayo. Inakaa kifuani.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpini uwe karibu na mfupa wa kifua na mdomo wa mtutu uelekee mbavu za chini kushoto. Juu sana, ukiinama mpini unakugonga kidevu. Chini sana, mkanda wa begi unaisukuma na kuipindua.

Adui mkubwa wa holsta ya kifuani ni darubini. Mkoba wake unataka mahali pale pale. Pandisha mkoba wa darubini hadi karibu na mfupa wa shingo, holsta ibaki chini yake, kisha jaribu kuushika mpini kwa kiganja kizima, mkoba ukiwa umefungwa. Vidole viwili vikigusa mkoba, bado. Usikubali "itatosha", kwa sababu ukiwa umevaa glovu zilizolowa haitatosha.

Mpangilio wa kuvaa ni huu: nguo zote, koti la mvua, holsta, darubini, begi mwisho kabisa. Holsta ikiwa chini ya koti lenye zipu iliyofungwa, hesabu kwamba hukuibeba. Tatizo ni kwamba koti la mvua linavaliwa na kuvuliwa mara kumi kwa siku, na mikanda iliyokaza juu ya shati inalegea au kubana juu ya koti. Rekebisha kwa nguo nene, weka alama kwenye mkanda kwa kalamu isiyofutika, rekebisha kwa nguo nyepesi, weka alama ya pili. Mikanda ya holsta ipite chini ya ile ya begi, ili ukitupa begi bastola ibaki nawe. Zile zinazofungwa kwenye mikanda ya begi lenyewe siwezi kumshauri mtu: ukichuna, begi liko mita kumi, na bastola iko huko huko.

Ngozi inapendeza, ila ikilowa siku nne huvimba, inang'ang'ania bastola na kuifuga kutu. Chukua plastiki ngumu yenye skrubu ya kukaza. Bastola ikiwa tupu, igeuze holsta juu chini uitikise: isidondoke. Sasa ichomoe kwa mkono mmoja. Kama holsta yote inainuka nayo, mkanda wa ubavuni umelegea. Skrubu zote zipate gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea.

Mwisho, kumbuka mtutu unamwelekea aliye kushoto kwako. Mwenzako asimame kulia, na mkono wako wa kushoto ubaki umeshika bega wakati wa kuchomoa. Kuirudisha hakuna haraka, angalia kwa macho, kidole nje ya triga.

5. Mazoezi

Dubu anayekimbia kilomita 50 kwa saa hula mita 20 kwa sekunde moja na nusu hivi. Sahani ya karatasi, mita 5, mkono mmoja, kulia kisha kushoto, bila kuvuta nyundo. Anza na risasi bandia ukiwa umelala chali, ndipo uende na .44 Special, risasi laini zaidi inayoingia kwenye bastola hiyo hiyo. Funga kila zoezi kwa silinda moja ya risasi halisi za porini.

6. Porini

Ukishaangusha mnyama, hamisha nyama mbali na matumbo, mahali pa wazi, mmoja achune na mwingine asimame na bunduki. Jioni kausha bastola na ifute kwa mafuta. Fungua silinda uchungulie chini ya nyota inayosukuma maganda: chembe chache za baruti pale chini zinatosha kuikwamisha. Kwenye 629 jaribu pia kukaza kile kijiti cha kusukumia, hulegea chenyewe.

7. Ukilazimika kumpiga dubu usiye na kibali naye

Sheria ya Alaska inaruhusu kujitetea, lakini dubu huyo ni mali ya jimbo. Mchune, ngozi ibaki na kucha zake, chukua na fuvu, vyote uvikabidhi kwa idara ya wanyamapori. Toa taarifa mara moja, na ripoti ya maandishi iwafikie ndani ya siku 15.