Kufumua na Kuunda Upya Ekseli ya Mbele ya Land Cruiser HZJ75

Mwezi wa Aprili, masika yanapopunguza watalii na magari mengi ya Arusha kubaki uani, ndipo mafundi tunapopata nafasi ya kufumua ekseli. Masika haya nilimsaidia dereva mmoja kijana kuunda upya ekseli ya mbele ya HZJ75 yake, na maelekezo haya yametokana kwa sehemu kubwa na maswali aliyoniuliza. Gari ninalolizungumzia ni lile la ekseli nzima lenye springi za mabamba mbele na nyuma, yaani la kabla ya Toyota kuleta springi za koili mbele mwaka 1999.

Dalili iliyomleta kwangu ni ile ambayo kila mwenye gari hili huifahamu: uji mweusi uliokuwa ukitiririka kutoka kwenye tufe la ekseli, yaani duara la chuma lililo mwishoni mwa ekseli, na kulowesha upande wa ndani wa tairi. Ndani ya tufe hilo hutakiwa grisi nzito peke yake, na ukikuta uji, basi mafuta ya difu (gia zilizo ndani ya ekseli) yamevuka sili ya ndani, yaani mpira unaoyazuia, na kuchanganyika na grisi.

Kabla ya kufungua chochote

Kagua kipumulio cha ekseli, yaani tundu dogo linalotoa hewa nje. Ekseli ikipata moto, hewa iliyomo hutanuka, na kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope hewa hiyo husukuma mafuta kupitia mahali palipo dhaifu, ambapo ni kwenye sili. Kifungue, kioshe kwa mafuta ya taa, kisha ukipulize kwa mdomo kuhakikisha kwamba hewa inatoka nje bila shida. Nimewahi kuona watu wakibadilisha sili mara mbili kwa mwaka huku kipumulio kikiwa kimejaa udongo mweusi wa Ndutu uliokauka kama saruji.

Hatua ya 1: Kufungua habu

Weka gari juu ya stendi imara, ondoa tairi, na uifunge kalipa kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wa breki. Nati ya habu hufunguliwa kwa soketi ya milimita 54. Soketi hiyo si ghali, na sioni udhuru wa fundi anayeendelea kutumia tindo na nyundo, kwa sababu nati iliyotafunwa na tindo haiwezi tena kukazwa kwa kipimo. Ondoa habu, spindeli (bomba ambalo habu huzungukia) na shafti (mhimili unaotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu).

Hatua ya 2: Washa za koni

Nati za mkono wa usukani zimekalia washa za koni zilizopasuliwa upande mmoja, ambazo hung'ang'ania kana kwamba zimechomelewa. Legeza nati bila kuzitoa, kisha gonga mkono wenyewe kwa nyundo ya shaba mpaka washa ziruke. Usigonge nyuzi za bolti kwa nyundo ya chuma.

Hatua ya 3: Beringi za kifundo na shimu zake

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo nilipopoteza siku mbili nilipoifanya kazi hii kwa mara ya kwanza.

Kifundo cha gurudumu, yaani sehemu inayogeuka na gurudumu unapokata usukani, huzunguka juu ya beringi mbili, moja juu na nyingine chini. Kati ya kifundo na kofia za beringi hizo kuna shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vyenye unene wa milimita 0.1, 0.2, 0.5 au 1.0. Siku ile nilizitumbukiza shimu zote, za kulia na za kushoto, za juu na za chini, katika kopo moja la maziwa lenye mafuta ya taa, nikifikiri kwamba jumla ya unene ndiyo inayohesabika. Ekseli ilirudi vizuri na usukani ukawa na uzito unaofaa, lakini gari lilipokwenda Seronera, huko Serengeti, na kurudi, tufe la kulia lilikuwa linavuja tena ingawa sili ilikuwa mpya kabisa.

Sababu ni kwamba shimu zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuweka ukazo wa beringi: ukipunguza shimu, kofia huingia ndani zaidi na ukazo huongezeka. Ya pili, ambayo sikuijua, ni kukiweka kifundo katikati ya tufe, ili shafti inayobebwa na spindeli ipite katikati ya sili ya ndani. Ukihamisha shimu ya milimita 0.2 kutoka juu kwenda chini, ukazo haubadiliki hata kidogo, lakini kifundo chote hupanda au hushuka, shafti huelemea upande mmoja wa mdomo wa sili, na uvujaji huanza upya.

Kwa hiyo andaa makopo manne, uyaandike kwa rangi, na kila rundo la shimu lirudi lilikotoka. Ukiweka beringi mpya za kipimo kilekile, anza na shimu zilezile. Ondoa pia vikombe vya zamani vya beringi, yaani pete ambamo roli hutembea, hata kama kwa macho vinaonekana vizima. Vipitishie ukucha, na mara nyingi utahisi mistari ya vishimo iliyopigwa na roli, kwa kuwa gari linalokwenda moja kwa moja kwenye barabara ya mawimbi hugonga mahali palepale kwa miaka. Vishimo hivyo ndivyo vinavyofanya usukani ujishike katikati.

Kabla ya kurudisha kifundo, tanguliza sili ya mpira na ile ya felti nyuma ya tufe, ukiziacha zikiwa huru. Ukizisahau utafungua tena kila kitu. Kisha pima ukazo wakati shafti haipo na tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) imefunguliwa. Natumia mizani ya ndoano kama ile ya wauza samaki: naitundika kwenye tundu la tairodi, naivuta kwa pembe mraba, na kusoma uzito pale kifundo kinapoanza tu kusogea. Mimi huridhika na kilo 3 hadi 5, ingawa kitabu cha ufundi cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Ukazo ukiwa mdogo, punguza shimu kwa kiasi sawa juu na chini ili usihamishe kitovu. Na kama shimu zimekwisha kuchanganyika, usibahatishe kama nilivyobahatisha: tafuta karakana yenye kifaa maalumu cha kupimia kitovu cha kifundo.

Hatua ya 4: Sili ya ndani na kiungo cha Birfield

Gonga sili taratibu, mdomo wenye springi ukielekea difu. Pitisha ukucha mahali sili inapokalia kwenye shafti, na ukikuta mfereji, badilisha shafti. Kiungo cha Birfield, kinachoiwezesha shafti kuzungusha gurudumu hata likiwa limepinda, kina gololi sita. Kama kilikuwa kinalia katakata gari linapokata kona, unaweza kukihamishia upande wa pili, ambako gololi zitasukuma ukuta usiolika. Hiyo ni nafuu ya muda tu.

Jaza grisi ya molibdeni ndani ya kiungo kwa mkono, kisha ndani ya tufe hadi robo tatu. Grisi ya rangi nyekundu iache kwa beringi za habu.

Hatua ya 5: Springi

Tumia yubolti mpya, yaani bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika. Hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayoshika mabamba ya springi pamoja, kimezama katika tundu lake kabla ya kukaza, tena ukaze kwa mkingamo. Nati za sheko (kiungo kinachoning'iniza ncha moja ya springi) na za pini ya springi zisikazwe gari likiwa hewani: lishushe, litikise, ndipo ukaze, la sivyo bushi za mpira zitakaa zikiwa zimesokotwa na kupasuka mapema. Shokapu hufungwa mwisho.

Baada ya kilomita 500 kaza yubolti tena, na ukiwa chini ya gari pitisha kitambaa cheupe kwenye tufe zote mbili. Utando mwembamba wa grisi ni wa kawaida, kwa kuwa felti hulainishwa nao. Tone linalodondoka si la kawaida.