Changu wa mvuke na ngisi wa moto mkali kwenye jiko la mtungi mdogo

Wengi wanaopenda ngisi wa mgahawa wa Kichina wanaamini siri iko kwenye sosi. Sosi ni ya vijiko vichache tu, mtoto anaweza kuichanganya. Kazi iko kwenye maji: ngisi amebeba maji mengi, na moto wa nyumbani hautoshi kuyafukuza. Juzi nilimsaidia jirani kuandaa chakula hiki kwa mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wenye jiko juu yake, na maswali aliyoniuliza ndiyo yamezaa mwongozo huu. Kinatosha watu wanne.

Hatua ya 1: Soko

Nenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, mapema, jua halijawa kali. Mnadani wananunua wachuuzi na wenye mahoteli. Wewe pita meza za rejareja. Chagua changu mmoja wa gramu 700 hivi, macho angavu, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Chewa mdogo pia anafaa, na Wachina wenyewe wanampenda sana kwa mvuke. Mwambie mpaa samaki atoe magamba na matumbo tu. Usiponyamazia hilo utampata mzima. Ukinyamaza atakatwa vipande vya mchuzi kabla hujatoa hela.

Ngisi chukua kilo moja, wadogo kwa wa kati. Aliye mpya ana madoadoa ya kahawia na zambarau yanayoonekana vizuri na nyama nyeupe. Akianza kuwa wa waridi mwili mzima, mwache. Nunua na barafu palepale, foleni ya kurudi nyumbani unaijua.

Hatua ya 2: Viungo

Tangawizi mbichi, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, hoho moja, pilipili mbuzi, giligilani. Sosi ya soya nyepesi, siyo ile nyeusi nzito ambayo kazi yake kubwa ni rangi. Mafuta ya ufuta uliokaangwa, chupa ndogo kabisa, maana ni ya kudondoshea mwishoni. Mafuta ya kupikia yawe ya alizeti yaliyosafishwa. Yale ya kukamuliwa ya Singida nayapenda kwenye maharage, ila kwenye moto mkali yanatoa moshi mapema.

Hatua ya 3: Wali

Pika. Mweupe, bila nazi.

Hatua ya 4: Changu

Mchanje mara tatu kila upande, mkaushe, mweke kwenye sahani ya bati juu ya vipande vya tangawizi. Ndani ya sufuria kubwa pindua bakuli dogo la bati, mimina maji yasifike kwenye sahani, yaache yachemke hasa, kisha ndipo uingize samaki na kufunika. Dakika 10. Kijiti kikipenya hadi kwenye mfupa bila kukwama, ameiva.

Maji yaliyojikusanya kwenye sahani yamwage yote, ndiyo yenye shombo. Mrundikie tangawizi na majani ya vitunguu yaliyokatwa nyuzi nyuzi, chemsha mafuta vijiko vitatu hadi yaanze kufuka, mmwagie. Yatalia. Malizia na soya vijiko vitatu pembeni.

Hatua ya 5: Ngisi

Hapa usiharakishe kusoma. Ngisi analainika kwa njia mbili tu: moto wa chini ya dakika mbili, au kuchemshwa polepole kwa dakika 45 na zaidi. Katikati ya hapo ni ndala.

Vuta kichwa, toa utumbo, wino na ule uti mwangavu kama plastiki ulio ndani, menya ngozi. Pasua mwili ufunguke, kisha chora mistari ya kukatana upande wa *ndani*, bila kutoboa. Ukichora upande wa nje havitajikunja vizuri. Kata vipande vya sentimita 4.

Usimtie ndimu. Najua tumelelewa kwamba samaki bila ndimu hajaoshwa, lakini asidi inaanza kukaza nyama kabla ya moto. Chumvi nayo isubiri, kwa sababu inavuta maji nje.

Sasa maji yenyewe. Ilimradi kikaangoni kuna maji, joto linagota kwenye nyuzi 100, wakati rangi na harufu nzuri ya kukaanga huanzia karibu nyuzi 140. Jiko la mgahawa lina moto wa kuyakausha papo hapo. Mtungi wako hauna. Ukimwaga kilo nzima kwa mkupuo, utakuwa na supu ya kijivu. Kwa hiyo maji tunayatoa mapema. Chemsha sufuria ya maji, tumbukiza vipande kwa sekunde 15 tu, vitajikunja mbele ya macho yako. Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi, kandamiza na kitambaa kingine. Jirani aliniuliza kama kuchuja tu hakutoshi. Hakutoshi. Kausha mpaka kitambaa kisilowe.

Tumia karai la chuma jembamba. Kikaango kisichonata kiweke kwa ajili ya mayai. Utando wake hautakiwi kupashwa mpaka moto wa namna hii. Ukiwa na jiko la mkaa na baraza ya kupikia, hilo ndilo bora kuliko yote, karai likae karibu kabisa na makaa.

Changanya kabla hujawasha: soya vijiko viwili vya chakula, siki kimoja, sukari kijiko cha chai, kornflawa nusu kijiko cha chai, maji vijiko viwili. Karai likianza kufuka, mafuta kidogo, nusu ya ngisi, sekunde 40 huku unageuza, toa. Acha karai lipate moto tena, kisha nusu ya pili. Ukisikia sauti ya kuchemka badala ya kukaanga, umejaza, punguza.

Baadaye kaanga tangawizi, kitunguu saumu, hoho na pilipili mbuzi kwa nusu dakika, mimina sosi, ikiwa nzito rudisha ngisi wote, geuza mara tatu nne, zima. Onja ndipo uamue chumvi; mara nyingi soya inatosha. Dondoshea mafuta ya ufuta na giligilani.

Hatua ya 6: Kupakua

Ngisi aliwe kwanza, changu anavumilia.

Ngisi akibaki usimpashe, mle baridi kesho mchana. Kichwa na mifupa ya changu chemsha asubuhi kwa supu, na hapo ndimu ruksa.