Fidia ya wafanyakazi wa duka: mambo ya kuzingatia kabla hujaajiri

Anayetaka kufungua duka Dar es Salaam huwa na hesabu ndefu kichwani: kilemba cha fremu (malipo ya awali ya kupewa chumba cha duka), kodi ya pango ya miezi sita au mwaka mzima, namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara, mashine ya EFD ya kutolea risiti na mzigo wa kuanzia. Wafanyakazi hufikiriwa mwishoni, na swali la nani atawalipa wakiumia kazini mara nyingi haliulizwi kabisa. Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya maduka ya Kariakoo na maeneo ya jirani, na katika kazi hiyo nimeiona familia ikiteseka kwa sababu ya shilingi elfu mbili kwa mwezi ambazo mwenye duka aliona ni busara kuzibana. Nitaieleza habari hiyo mbele kidogo. Kwanza fanya haya.

Jisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, mara tu unapoajiri. Mfuko huo umeundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ulianza kupokea michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Unamhusu kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, mwenye wafanyakazi mia na mwenye msichana mmoja wa kaunta. Usisubiri mkaguzi aje kukukumbusha, kwa kuwa kutojisajili ni kosa la jinai, na anayechelewesha mchango hutozwa riba.

Gharama yake isikutishe. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi asilimia 0.6 katika mwaka wa fedha 2021/22, na mwaka uliofuata ikafika asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Duka lenye wafanyakazi sita ambao jumla ya mishahara yao ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi litachangia shilingi 9,000, na kwa mwaka mzima shilingi 108,000. Yapo maduka yanayotumia zaidi ya hapo kwa mifuko ya kufungia bidhaa. Mchango wa kila mwezi unatakiwa uwe umelipwa kabla mwezi unaofuata haujaisha.

Usimkate mfanyakazi hata senti moja ya mchango huo, kwa kuwa sheria imemwekea mwajiri peke yake.

Amua mapema nani ni mfanyakazi wako, na uamue kwa haki. Wenye maduka wengi huniambia kwamba wana wafanyakazi wawili tu, na waliobaki ni vibarua, au ni mpwa aliyekuja kutoka mkoani kusaidia, au ni kijana wa bodaboda anayepeleka mizigo kwa wateja. Sheria haiangalii jina unalompa mtu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaorodhesha dalili za kumtambua mfanyakazi, nayo moja ikionekana inatosha mtu kudhaniwa kuwa ni mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo: kwamba unaelekeza jinsi na saa za kazi yake, kwamba unampa vitendea kazi, kwamba riziki yake inakutegemea wewe, au kwamba amekufanyia kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano tu za duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Mpwa wako anazimaliza kabla wiki ya kwanza ya mwezi haijaisha. Mwandike.

Usidhani pia kwamba bima ya moto na wizi uliyokatia duka inamlinda aliyemo ndani. Ile inalinda mali. Zipo kampuni zinazouza bima ya ajali kwa kundi la wafanyakazi au bima ya dhima ya mwajiri, na ukiweza kuongeza moja ni vema, ila hakuna hata moja inayokuondolea wajibu wa kuchangia Mfuko.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye duka alisome mara mbili: tangaza mshahara halisi.

Upande wa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa limesajiliwa vizuri, lenye cheti ukutani na michango isiyochelewa. Msimamizi wa stoo alikuwa analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi, lakini kwenye orodha ya mishahara aliandikwa 400,000, na nusu iliyobaki alipewa mkononi ndani ya bahasha bila kusaini popote. Mwenye duka hakuwa na nia mbaya na kijana wake. Alikuwa anakimbia kodi ya mishahara na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwa kuwa orodha inayopelekwa huko ndiyo inayopelekwa pia WCF, mchango wa fidia nao ukawa nusu, shilingi 2,000 badala ya 4,000. Msimamizi mwenyewe hakulalamika, maana makato madogo yalimwachia fedha zaidi mfukoni.

Siku moja maboksi ya vigae yaliyopangwa marefu kupita kiasi yalimwangukia na kumvunja paja. Mimi niliitwa kuweka sawa hesabu za duka hilo wakati mgonjwa ameshafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Mfuko ulitimiza wajibu wake: ulibeba gharama za matibabu na ukaanza kumlipa fao la ulemavu wa muda, ambalo ni asilimia 70 ya kipato cha mwezi na linaweza kuendelea hadi miezi 24. Tatizo lilikuwa ni asilimia 70 ya nini. Mkewe alikuja dukani na karatasi mkononi akaniuliza, "Kaka, mume wangu analipwa laki nane, hii laki mbili na themanini imetoka wapi?" Nilimwonyesha orodha yenye sahihi ya mumewe mbele ya 400,000, mwezi baada ya mwezi. Angeandikwa mshahara wake halisi angelipwa 560,000. Kodi ya nyumba, ada za watoto na nauli za kwenda kliniki vilikuwa vimepangwa kwa laki nane.

Mwenye duka aliahidi kujazia pengo, na alijazia miezi ya mwanzo, kisha biashara ikalegea akaacha. Bahasha haikuwa na ushahidi: haikupita benki, haikupita kwenye simu, haikuandikwa. Yule mama akauza cherehani yake, na mtoto wao mkubwa akahamishwa shule. Kibaya zaidi ni kwamba mguu haukurudi kama zamani, na fao la ulemavu wa kudumu nalo hukokotolewa kwa kipato kile kile kilichotangazwa. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa kila mwezi, na kwa vyovyote vile nusu ya mshahara iliyofichwa haiingii kwenye hesabu. Angefariki, wajane na yatima wangelipwa kwa namba hiyo hiyo. Kwa hiyo kila mwezi mwenye duka aliokoa shilingi 2,000, na familia ikapoteza 280,000.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mshahara pamoja na posho zote za kudumu za kila mwezi ziingie kwenye orodha, zilipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, na ukipandisha mshahara leo urekebishe orodha mwezi huu huu. Nawe unayeajiriwa, usikubali kusaini kiasi usichokipokea.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitali, si kwa mganga wa mifupa, kwa sababu madai yatahitaji taarifa ya daktari. Itaarifu WCF ndani ya siku saba tangu upate habari, na usichelewe kuwasilisha madai yenyewe, maana madai yasiyowasilishwa ndani ya miezi 12 yanaweza kupotea kabisa. Andika saa, mahali, aliyeshuhudia na kazi iliyokuwa inafanyika, na utunze kila risiti. Usipoteze siku mkigombana kuhusu nani mzembe, kwa kuwa mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri ndipo alipwe.

Kagua pia eneo lenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka usajili sehemu ya kazi kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, uwe na sanduku la huduma ya kwanza na kizimia moto. Ngazi iwe imara, mizigo isipangwe kufika darini, mlango wa nyuma usizibwe na maboksi, nyaya zisiunganishwe na fundi wa kupita. Kabla ya kulipa kilemba, tazama nguzo za jengo na uulize kama kuna anayechimba chini yake. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 lilikuwa na maduka, na watu walikuwa kazini. Nakala za cheti na orodha za mishahara zihifadhi mahali pengine nje ya duka, kwa kuwa duka likiungua, karatasi zilizomo huungua nalo.