Gari likikuzimikia kwenye motawei ya Uingereza

Tulikuwa M1, mojawapo ya motawei, yaani barabara kuu za mwendo kasi, tunarudi London kutoka Leeds, tumeshaipita Leicester, tairi la nyuma upande wa kulia likapasuka. Nikalivuta gari hadi kwenye bega la barabara, nikawasha hazadi. Kabla sijafungua mkanda, shemeji yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na wiki mbili tangu aingie kutoka Mbeya, alishashuka, kafungua buti, kachukua jeki na spana, kachuchumaa kwenye tairi, mgongo kaupa malori. La kwanza lilipopita, gari letu zima lilitikisika na kofia yake ikaruka hadi majanini. "Shemeji, acha! Njoo huku!" Akanijibu kwamba ni dakika kumi tu.

Simlaumu. Ameendesha malori njia ya Tunduma miaka mingi, na alichofanya ndicho tulichofundishwa na barabara zetu. Gari likifia Kitonga, utingo anaruka na jiwe la kuzuia gurudumu, mwingine anakata matawi na kuyapanga barabarani kwa mbali, na dereva anayepita anasimama kuuliza kuna tatizo gani. Huku mazoea hayo yanaua. Ukomo wa mwendo ni maili 70 kwa saa, yaani karibu mita 31 kila sekunde. Dereva aliyetupia jicho simu yake kwa sekunde tatu ameshakula mita 90 bila kuona kitu.

Kwa hiyo usibadilishe tairi, hata kama umewahi kulibadilisha gizani. Usiweke pembetatu nyekundu. Kwenye barabara nyingine inafaa, lakini kwenye motawei kanuni zinakataza, kwa sababu kwenda kuiweka ni kutembea kuyafuata magari. Watu wote washuke kwa milango ya kushoto, wavae reflekta, wavuke ukingo wa chuma na kusimama nyuma yake, mbali na gari. Watoto washikwe mikono. Wala usisubiri ndani kwa sababu ya baridi au mvua; weka makoti mahali unapoyafikia upesi, si chini ya mizigo.

Ukishakuwa salama ndipo upige simu. Kwa England, National Highways, wanaosimamia motawei, wanapokea saa 24 kwa 0300 123 5000. Watakuuliza uko wapi, na "karibu na Leicester" haiwatoshi. Angalia vigingi vidogo vilivyo kando, kila mita 100: vina namba ya kuwasomea, na mshale unaoonyesha simu ya dharura ya karibu iko upande gani. Simu hizo za rangi ya chungwa ni bure, na mahali ulipo panajulikana penyewe. Ukiongea, elekeza uso kwenye magari yanayokuja.

Kuna motawei ambazo bega limegeuzwa kuwa leni ya kawaida. Mpango wa kujenga nyingine mpya ulifutwa mwaka 2023, lakini zilizokwishajengwa bado zipo. Humo, ukihisi injini inakosa nguvu au taa nyekundu imewaka, toka motawei kwa njia ya kuchepukia iliyo karibu, au ingia maegesho ya dharura: utayajua kwa kibao cha bluu chenye SOS na sakafu ya rangi ya chungwa. Likizima katikati ya leni na huwezi kushuka salama, baki umefunga mkanda, washa hazadi, piga 999, namba ya dharura, mara moja. Wataweka X nyekundu juu ya leni yako. Na wewe ukiiona hiyo X juu ya leni yako, hama, maana mbele kuna mtu amekwama. Kuipuuza ni faini ya pauni 100 na pointi 3 za makosa kwenye leseni, na aliye na leseni mpya ya hapa hunyang'anywa akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili.

Tabia za madereva nazo zinatuchanganya, hasa kwa kuwa tumezoea kushoto tangu nyumbani na tunajiona wenyeji. Kwetu, lori likikuwashia indiketa ya kushoto mara nyingi linakuambia pita, mbele kweupe. Hapa linahamia kushoto, basi. Leni ya kushoto ndiyo ya kukaa. Za kulia ni za kupita, kisha unarudi. Kung'ang'ania leni ya kati wakati kushoto ni wazi ni kosa, na kuchomekea mbele ya lori kunamnyima dereva nafasi ya kufunga breki. Mwachie wa mbele sekunde mbili. Kwenye mvua, nne.

Ukilipia huduma ya kuvutwa, iwe AA, RAC au nyingine, uliza jambo moja kabla ya kulipa: mkishindwa kulitengeneza hapo hapo, mnanifikisha wapi? Vifurushi vya bei ya chini mara nyingi huishia gereji ya karibu.

Fundi akimaliza, usiingie leni kwa mwendo wa pole kama unavyotoka kituo cha mafuta. Kwenye bega, ongeza kasi kwanza huku ukisubiri mwanya. Kwenye maegesho ya dharura, piga simu kabla ya kuondoka, wakufungie leni upite.