Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujajaribu Mbinu Mpya ya Omaha Mtandaoni

Ukisikia mbinu mpya ya Omaha, aina ya poka, iwe kwa rafiki au kwenye video, unatamani kuijaribu usiku huohuo. Subiri kwanza. Kuna mambo ya kupanga kabla hujakaa mezani, maana pesa zikishaanza kwenda hutakuwa na kichwa cha kupanga lolote.

Sheria ya mchezo uijue bila kufikiri. Unapewa karata nne, na ni lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi wala si pungufu. Ukiwa na shupaza moja mkononi na mezani ziko nne, huna flashi, yaani karata tano za alama moja. Kama hili bado linakuchanganya, achana na mbinu mpya, cheza meza za bure.

Uwe umetimiza miaka 18. Tovuti iwe na leseni unayoweza kuithibitisha, na kumbuka Kenya ina sheria mpya ya kamari ya mwaka 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, kwa hivyo usitegemee maelezo ya zamani. Usilaze pesa nyingi kwenye akaunti ya mchezo. Serikali ya Marekani ilipozifungia tovuti kubwa za poka tarehe 15 Aprili 2011, ilikuja kudhihirika kwamba pesa za wachezaji wa Full Tilt Poker, mojawapo ya hizo, hazikuwa zimetengwa na za kampuni, na watu walisubiri zaidi ya mwaka kurudishiwa. Aliye Mwislamu anaijua hukumu ya kamari na sina la kumzungusha. Ninayoyaandika hapa ni ya yule ambaye keshaamua kucheza.

Simu iwe na chaji na bando liwepo, stima ikipotea katikati ya mkono, yaani mgao mmoja wa karata, usije ukatupwa nje.

Saa nayo ichague. Meza hujaa Ulaya inaporudi kutoka kazini, na saa mbili usiku ya London wakati wa baridi ni saa tano usiku Mombasa. Kufikia hapo umeshinda dukani au barabarani tangu asubuhi. Mbinu unayoizoea unaweza kuicheza ukiwa umechoka, lakini mpya inataka uhesabu kila hatua. Muguka utakuzuia kulala tu, hesabu hautakufanyia. Jaribu Jumamosi mchana, hata kama meza ni chache.

Sasa pesa. Tenga mtaji wa mchezo peke yake, usiogusa kodi, karo wala mali ya biashara, na uwe na viingilio visivyopungua 50 vya meza unayochezea (kiingilio ni pesa unayokaa nayo mezani). Kwa meza ya kiingilio cha dola 25, kila kiingilio ni zaidi ya shilingi 3,000, kwa hivyo piga hesabu kwa shilingi ndipo uone uzito wake. Unapojaribu kitu kipya, shuka meza moja au mbili chini ya ile uliyoizoea. Hapa wengi huona aibu, eti watarudi kucheza na wanafunzi. Rudi.

Wapo wanaodhani kikomo cha poti, yaani cha pesa zilizokusanyika mezani, ni kinga. Omaha nyingi mtandaoni ni ya kikomo hicho, na kiwango cha juu cha kuweka kinatokana na kilichomo kwenye poti. Tuseme karata tatu za kwanza zimefunguliwa mezani na poti ina dola 2. Ukiweka 2 na mwenzako akafuata, imekuwa 6. Karata ya nne mkiweka 6 kila mtu, imekuwa 18. Ya tano mkiweka 18, imefika 54. Dola 26 zimekutoka kwa poti iliyoanza na 2, yaani kiingilio kizima na chenji juu.

Na badilisha jambo moja tu. Ukibadilisha karata unazoanza nazo, kiasi unachoweka na idadi ya meza kwa pamoja, hutajua kipi kimekufaa na kipi kimekuumiza. Iandike mbinu kwa sentensi moja kwenye karatasi. Ikikushinda kuiandika, bado hujaielewa.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: amua mapema utaipimaje, na usiipime kwa pesa ulizoingiza siku za mwanzo.

Shemeji yangu ana kibanda cha vifaa vya simu Mwembe Tayari, Mombasa. Ni kijana mwenye akili na hesabu zake huwa hazimpotei. Aliambiwa kwamba kwenye Omaha karata nne zinazofuatana ni mali, na ni kweli, zikiwa za juu. Yeye akachukua zote. Kila alipopewa mfululizo, uwe wa juu au wa chini, aliongeza hadi kikomo. Wiki ya kwanza alishinda. Tukitoka msikitini alfajiri nakuta picha za salio lake kwenye simu yangu, kila siku limepanda. Nilimuuliza anashindaje. Akanijibu, "Shemeji, si unaona pesa?" Daftari lake lilikuwa na safu mbili tu, tarehe na kiasi.

Akahama meza ya dola 25 akaenda ya dola 100, ambako kiingilio kimoja ni kama shilingi 13,000. Mtaji ulipokatika akachota pesa za kununulia mali. Idd ikamkuta kibandani hana chaja wala kava za kuuza, wenzake wa pembeni wanapanga wateja foleni.

Baadaye tuliketi barazani na laptopu yake tukafungua mikono iliyohifadhiwa na tovuti. Nilimwambia tuanze na ile aliyoshinda, akashangaa. Mmoja nauona hadi leo. Ana 7-6-5-4, mezani 9-8-2. Karata 13 zinampa streti, yaani karata tano zinazofuatana: 10 nne, na 7, 6 na 5 tatu tatu. Kwa macho ni mkono wa kupigania. Sasa zihesabu moja moja. Ikija 10, mwenye Q-J au J-7 yuko juu yake. Ikija 7, mwenye J-10 anampiga, na hata mwenye 10-6. Ikija 6, mwenye 10-7 anampiga. Ni zile 5 tatu tu zinazompa streti ya juu kabisa. Mwenye J-10-7-6 kwenye meza hiyohiyo angekuwa na karata 20 za kumpa streti, na 14 kati yake zingekuwa za juu kabisa. Yote mawili ni mikono ya kusubiri streti, lakini mmoja unakula na mwingine unaliwa.

Usiku ule ilikuja 10, akaweka poti nzima, mpinzani akatupa karata. Akaandika ushindi. Wiki mbili mbele, meza ya dola 100, 10 ikaja tena kwenye mkono wa namna hiyohiyo. Safari hii mpinzani alikuwa na Q-J na hakutupa. Tuliendelea kufungua, na mikono aliyoshinda ilikuwa na ubovu uleule wa mikono iliyommaliza. Ulikuwepo tangu usiku wa kwanza, ila safu ya pesa haikuwa na mahali pa kuuandika. Hakusema kitu, alikuwa anasogeza ukurasa tu.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu nyingine. Kila pesa nyingi zilipoingia mezani, andika ulikuwa na nini, ulisubiri karata ngapi, na ngapi kati ya hizo zingekupa mkono usioshindika. Andika pia ulikuwa umekaa nafasi gani, maana kuamua wa mwisho ni faida kubwa na mbinu nzuri huonekana mbovu ukiichezea nafasi ya mwanzo. Mikono ya kuanzia kwenye Omaha ni aina 270,725, wakati Hold'em, poka ya karata mbili mkononi, ina 1,326, na siku chache za bahati haziwezi kukuonyesha chochote. Ree mbili kwenye Hold'em humshinda mpinzani mmoja karibu mara 8 kati ya 10. Kwenye Omaha zikikutana na mfululizo mzuri wenye karata mbili za alama moja na mbili za nyingine ni kama 6 kwa 4, na pengine chini ya hapo. Unaweza kucheza sawasawa mwezi mzima ukapoteza, na unaweza kucheza vibaya ukashangiliwa. Panga idadi ya mikono utakayocheza kabla ya kuhukumu, iwe maelfu, na usipande meza kabla haijatimia.

Mengine ni ya kawaida. Fungua meza moja, si nne. Angalia makato ya tovuti, kwenye meza ndogo hula sana. Wakiwa watano sita wanaocheza kila poti, usijaribu kuwatisha kwa karata mbovu. Weka kiasi cha kupoteza kwa siku na kikifika zima simu, usisubiri mkono mmoja wa mwisho. Mori ukipanda, inuka ukatembee. Usikope kwa simu ili urudishe kilichopotea, na usimkopeshe anayetaka kurudisha chake. Mtu mmoja nyumbani ajue kiasi ulichotenga, na akikuuliza mwonyeshe daftari, si picha ya salio. Ukijikuta unamficha, funga akaunti wiki hiyohiyo, na pesa iliyobaki itoe kabla hujabadilisha nia.